Konje: Safari za Familia kutoka Migodi ya Kolwezi hadi Visiwa vya Ziwa Kisale

1. Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili aliyezaliwa pwani, akitajiwa likizo ya familia kisiwani, fikra zake huenda moja kwa moja Unguja, Pemba, Mafia au Lamu. Picha imjiayo ni ya bahari, minazi na wageni waliokuja kupunga upepo. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1980, Zanzibar ilipoufungulia mlango utalii, picha hiyo imezidi kuenea hata kuonekana kana kwamba ndiyo maana pekee ya likizo ya kisiwani. Makala haya yanahusu visiwa vya namna nyingine, visivyo na minazi wala maji ya chumvi, vilivyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani ya Uswahilini. Ni visiwa vya mafunjo vieleavyo juu ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, ambamo mto Lualaba hupita baada ya kushuka kutoka nchi ya shaba.

Baadhi ya wanaume walioajiriwa katika migodi ya Kolwezi na ya miji mingine ya Katanga walitoka katika vijiji vya bonde hilo. Walipopata ruhusa ya kupumzika, hawakwenda kisiwani kutalii, walikwenda kwao. Mapumziko hayo waliyaita konje. Tunakusudia kuonyesha kwamba konje ilikuwa na hesabu mbili. Kampuni iliihesabu kwa siku, na familia iliihesabu kwa watu waliotembelewa. Hoja yetu ni kwamba katika nchi ya shaba haki ya kupumzika ilibeba ndani yake haki nyingine iliyo kubwa zaidi, yaani haki ya kuwa na kwao. Ya kwanza ilipopotea, ya pili nayo ilitikisika.

2. Neno lenyewe

Katika Kiswahili cha Katanga, konje limetokana na neno la Kifaransa congé. Waswahili waliotawaliwa na Waingereza walichukua livu kwa njia hiyo hiyo, yaani kutoka kinywani mwa mwajiri. Kiswahili sanifu kina likizo, jina lililo na mzizi mmoja na kitenzi likiza, chenye maana ya kuachisha, na ambacho hutumika hata kwa mtoto anayeachishwa ziwa. Maneno hayo matatu yana njia tofauti, lakini yanakutana mahali pamoja: katika kila moja yumo mwenye uwezo wa kuachia na yumo anayengoja kuachiwa.

Kuna waliozoea kukitazama Kiswahili cha Katanga kama lugha iliyoharibika, na maneno kama konje kama ushahidi wa uharibifu huo. Mtazamo huo hauisaidii historia. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power (1986), ameeleza jinsi Kiswahili kilivyokuzwa Katanga na utawala, misheni na makampuni kwa ajili ya kazi, mahali ambapo hapo awali lugha ya amri migodini ilikuwa Kabanga, iliyokuja na wafanyakazi kutoka kusini. Lugha iliyokuzwa kwa ajili ya kazi ilihitaji pia jina la kutokuwa kazini. Jina hilo lilipopatikana, wasemaji wake walilijaza maana ambayo mwenye kulileta hakuikusudia.

3. Mkataba, kambi na ruhusa

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Katika miaka hiyo ya mwanzo wafanyakazi waliandikishwa kwa miezi michache, wengi wao wakiwa wanaume peke yao. Waliishi katika hali ngumu, wakaugua, wakafa au wakatoroka, na waliomaliza muda wao walirudi makwao. Kwa mtu wa namna hiyo hapakuwa na haja ya konje, kwa kuwa kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa safari na kijiji ndicho kilichokuwa makazi.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1920. Kampuni ilianza kuandikisha watu kwa mikataba ya miaka mitatu, ikawahimiza waje na wake zao, ikajenga kambi zenye nyumba za familia, zahanati na shule zilizosimamiwa na wamisionari. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa waasisi wa sera hiyo, aliieleza katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1946. Nia ilikuwa kupata wafanyakazi wanaodumu, ambao watoto wao watakuwa wafanyakazi wa kesho. Mji wa Kolwezi, ulioanzishwa mwaka 1937, ulikua ndani ya sera hiyo.

Hapo ndipo nafasi za kazi na makazi zilipobadilishana. Mgodi ukawa makazi, na kijiji kikawa mahali pa kuendea. Lakini njia ya kwenda huko haikuwa wazi. Mwafrika aliyetaka kukaa nje ya eneo lake kwa zaidi ya siku thelathini alitakiwa kuwa na hati ya uhamisho iliyotolewa na utawala. Ndani ya kambi alikuwepo msimamizi aliyejulikana kwa jina la changachanga, jina ambalo wengi hulifasiri kuwa ni mwenye kuwachanganya watu wa makabila mbalimbali mahali pamoja. Aligawa nyumba, akaangalia posho, akaamua magomvi, akajua nani yupo na nani hayupo.

Kwa macho ya kampuni, konje ilikuwa na hatari zake. Aliyekwenda kwao angeweza asirudi. Angeweza kumwacha mkewe huko, au kurudi na ndugu ambao hawakuandikwa katika daftari la posho. Wakati huo huo kumfungia mtu kambini miaka mingi kulimchosha, na mchovu si mzalishaji. Basi konje ilipimwa kama dawa: isipungue mno, isizidi mno. Yafaa kukumbuka kwamba hata nchini Ubelgiji sheria ya likizo ya mwaka yenye malipo ilipitishwa mwaka 1936 tu, nayo ilitoa siku sita. Mfanyakazi wa Kolwezi na mchimba makaa wa Ubelgiji walikuwa na mabwana wanaofanana kuliko walivyojua.

4. Likizo mbili katika mji mmoja

Kolwezi ya kikoloni ilikuwa na likizo mbili, kama ilivyokuwa na mitaa miwili. Mzungu alifanya kazi kwa kawaida miaka mitatu, kisha akaenda Ulaya na familia yake kwa muda wa miezi sita hivi. Mwaka 1931 reli ya kutoka Tenke kupitia Kolwezi hadi Dilolo iliunganishwa na ile ya Benguela, na hivyo Kolwezi ikapata njia ya moja kwa moja ya kwenda bandari ya Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki. Meli zilizopita kati ya Antwerp na bandari za Kongo na Angola zilikuwa na desturi ya kutia nanga Tenerife. Kwa hiyo, mtoto wa mhandisi wa Kibelgiji aliyezaliwa Katanga aliweza kukijua kisiwa cha bahari akiwa bado mdogo: kisiwa cha kushuka kwa saa chache, kununua matunda, na kuendelea na safari.

Mtoto wa mchimbaji naye alikuwa na reli yake, nayo ilielekea upande mwingine. Hakuna ubishi kwamba likizo ya kwanza ilikuwa ndefu zaidi na yenye raha zaidi. Hata hivyo zote mbili zilikuwa na shabaha moja, ambayo ni kumwonyesha mtoto babu na bibi zake. Tofauti ilikuwa katika namna zilivyotazamwa. Safari ya Mzungu kwenda kwao ilihesabiwa kuwa haki yake, hata afya yake. Safari ya Mwafrika kwenda kwao ilihesabiwa kuwa ruhusa, na mara nyingi ilitiliwa shaka kuwa ni kurudi nyuma.

5. Njia ya kwenda Kisale

Tuchukue mfano wa familia yenye asili ya bonde la Upemba, ikiondoka Kolwezi katika miaka ya 1950. Mfano huu tumeujenga kutokana na ramani na reli za wakati huo, na haumhusu mtu fulani. Familia inapanda treni kuelekea mashariki hadi Tenke. Hapo inageuka kaskazini kwa reli ya BCK, ambayo ilifika Bukama mwaka 1918. Bukama ni mahali ambapo Lualaba huanza kupitika kwa vyombo. Kutoka hapo maji yapo wazi hadi Kongolo, mamia ya kilomita kuelekea kaskazini, na vyombo vya mvuke vilikuwa vikipita humo tangu siku za mwanzo za reli. Msafiri wa Kisale anaacha treni, anaingia majini, na baada ya mapori ya matete anafika katika ziwa.

Ziwa hilo lilikuwa limeandikwa habari zake zamani. Verney Lovett Cameron, aliyekaa Urua mwaka 1874 katika makao ya Kasongo Kalombo, aliandika juu ya watu wanaoishi juu ya visiwa vieleavyo katika ziwa hilo. Huko Urua alimkuta Juma Merikani, mfanyabiashara kutoka pwani. Kwa maneno mengine, masikio ya Urua yalikwisha kukisikia Kiswahili kabla ya mgodi wowote wa Mzungu kufunguliwa. Visiwa vyenyewe huumbwa na mafunjo: mizizi hufumana, majani hufa na kurundikana juu yake, hata pakawa na tabaka linaloweza kubeba vibanda vya wavuvi na moto wa kukaushia samaki. Maji yapandapo, kisiwa hupanda nayo.

Mfanyakazi aliyefika huko hakufika mikono mitupu. Alitazamiwa kuleta nguo, sabuni na chumvi, na aliporudi alibeba samaki wakavu. Mabadilishano hayo yana umri mkubwa kuliko kampuni yoyote. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyofukuliwa kwa mara ya kwanza na wanaakiolojia mwaka 1957 na 1958, vimepatikana vyungu na mapambo ya shaba ya watu walioishi huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika makaburi ya zama za baadaye vimo pia vile vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, ambavyo baada ya muda vilifanywa vidogo na kutumika kama fedha. Bonde la Upemba halina mawe ya shaba. Shaba hiyo ilitoka kusini, katika nchi ambayo Kolwezi imo ndani yake. Hivyo basi mchimbaji aliyekwenda konje alikuwa akipita katika njia ambayo shaba yenyewe ilikuwa imekwisha kuipita karne nyingi kabla yake. Kampuni ilidhani imewatoa watu wa ziwani na kuwaingiza katika ulimwengu mpya wa shaba, kumbe wazee wao walizikwa nayo.

6. Maana ya familia

Familia iliyosafiri ilikuwa ipi? Katika daftari la kambi, familia ilikuwa mume, mke mmoja na watoto wao. Posho ilihesabiwa kwa kipimo hicho. Kijijini, neno hilo halikuwa na mpaka huo. Baba mdogo alikuwa baba, mtoto wa mama mkubwa alikuwa ndugu, na wote walikuwa na haki ya kumwuliza mgeni amewaletea nini. Konje iliwalazimisha watu kuzishika hesabu mbili za familia kwa wakati mmoja. Mtoto wa kambini aliyezoea kengele ya shule na bukari wa unga wa posho aliambiwa, kwa majuma machache, kwamba ana mababa kumi. Mke naye, ambaye kambini aliorodheshwa chini ya jina na namba ya mumewe, huko alikuwa binti wa watu na mkwe wa watu, mwenye mahali pake pa kukaa.

Si ajabu kwamba Kolwezi ndiyo iliyozaa Jamaa, harakati ya Kikatoliki iliyokua miongoni mwa wafanyakazi wa migodi tangu mwaka 1953 hivi, padri Mfransisko Placide Tempels alipokuwa akihudumu huko. Harakati hiyo ilichagua neno la Kiswahili lenye maana ya ukoo na udugu, ikafundisha kwamba mume na mke ni baba na mama kwa wengine katika imani. Hatudai kwamba Jamaa ilitokana na konje. Tunasema tu kwamba watu waliokuwa wakiishi katika kambi ambamo familia ilipunguzwa hadi kufikia kipimo cha posho walikuwa na sababu ya kutafuta familia pana zaidi. Wengine waliitafuta parokiani, wengine waliifuata kwa treni.

7. Kampuni ya taifa na njia iliyogeuka

Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ya Kongo iliitwaa mali ya Union Minière na kuunda kampuni ya taifa, ambayo baadaye ilijulikana kama Gécamines. Agosti mwaka huo huo ilitangazwa Sheria ya Kazi, na likizo ya mwaka yenye malipo ikawa haki ya kisheria ya mfanyakazi wa Kongo. Kampuni mpya ilirithi kambi, shule, hospitali na posho. Waliokulia humo hukumbuka mwajiri aliyekuwa kama baba, na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliwapa jina katika anwani ya kitabu chake cha mwaka 2001: Bana Shaba, watoto wa Shaba, walioachwa na baba yao.

Kuachwa huko kulikuwa na hatua zake. Vita vya Angola viliikata njia ya Lobito mwaka 1975. Vita vya Shaba vilizuka mwaka 1977 na 1978, na vile vya 1978 vilifika hadi Kolwezi yenyewe. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa chini ya tani 40,000 mwaka 1994.

Katikati ya anguko hilo lilitokea jambo ambalo historia ya konje haiwezi kulikwepa. Mwaka 1992 na 1993, Wakatanga wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine. Wengi walikuwa wamezaliwa kambini, wana wa watu walioletwa na kampuni miaka ya 1920 na baadaye. Walikusanyika katika stesheni za reli, wakalala humo majuma na miezi wakingoja mabehewa, na wengine walifia humo humo. Treni iliyowachukua ilipita Tenke, Bukama na Kamina, njia ile ile ambayo tangu mwaka 1928, reli ilipofika Port-Francqui, iliwachukua wazee wao kwenda Kasai kwa konje na kuwarudisha Katanga.

Wafukuzaji walisema kwamba watu hao wanarudishwa kwao. Neno kwao ndilo lililokuwa limebeba konje kwa miaka sitini, na sasa lilitumika kama silaha. Mtu aendaye konje ana kwao kuwili: anakotoka na atakakorudi. Ukimnyang'anya tiketi ya kurudi, umemwachia kumoja tu, na pengine ni kule ambako yeye mwenyewe hajawahi kukuona. Hapa ndipo inapodhihirika kwamba ile safari ya majuma machache haikuwa jambo dogo. Ilikuwa ndiyo makubaliano yasiyoandikwa kwamba mtu anaweza kuwa wa mgodini na wa ziwani, wa Kolwezi na wa Kasai, bila kuulizwa achague.

8. Konje bila mwajiri

Mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa malipo ya mkupuo, baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara. Mpango huo uliitwa wa kuondoka kwa hiari. Sheria mpya ya Kazi, ya Oktoba 2002, ilikuwa imeweka kwamba mfanyakazi mtu mzima anastahili angalau siku moja ya kazi ya likizo kwa kila mwezi kamili wa utumishi. Lakini siku za likizo huhesabiwa kwa aliye na mkataba. Katika Kolwezi, ambayo tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, watu wengi huchimba shaba na kobalti kwa mikono yao, bila mwajiri. Mchimbaji wa namna hiyo akitaka kupumzika hahitaji ruhusa ya mtu, na siku hiyo hapati kitu. Amekuwa huru na changachanga, na amekuwa huru na konje pia.

9. Hitimisho

Historia ya shaba ya Katanga imeandikwa sana kwa tani, kwa hisa na kwa vita. Historia ya siku ambazo watu hawakuchimba bado haijaandikwa vya kutosha, na kwa sehemu kubwa imehifadhiwa katika Kiswahili: katika vinywa vya wastaafu, wajane wao na watoto waliopandishwa treni wakiwa wadogo. Mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa Elisabethville walithubutu kuiandika historia ya mji wao kwa Kiswahili chao wenyewe, na maandishi hayo, yaliyotolewa upya na Fabian mwaka 1990, yametufundisha kwamba hakuna sababu ya kungoja lugha isanifishwe kabla ya kuiuliza maswali.

Tunapendekeza kwa wanafunzi wetu, hasa wale wenye wazee katika nchi ya shaba, kwamba swali la kwanza lisiwe juu ya mgodi. Liwe: mlipopata konje, mlikwenda wapi, na nani alitoka kuwapokea? Aliyepokelewa kisiwani Kisale na aliyepokelewa katika stesheni ya Kasai watatoa majibu tofauti. Lakini kila jibu litatuonyesha ramani ambayo kampuni haikuichora, na waliokumbuka njia zake wanazidi kupungua kila mwaka.